Siku baba alipoacha kumwita Dokta

Baba mmoja alikuja shuleni kwetu Jumatatu asubuhi na mfuko wa dagaa. Dagaa wakavu, wanaong'aa, wasio na chembe ya mchanga. Aliomba aonyeshwe mwalimu wa Kemia ili amshukuru, kwa sababu binti yake wa kidato cha tatu alikuwa amepata 81 kwenye mtihani wa nusu muhula. Ripoti alikuwa nayo kwenye mfuko wa shati. Akaikunjua mbele yetu taratibu, kama mtu anayeonyesha hati ya kiwanja. Mwalimu wa Kemia aliipokea, akaisoma, kisha akanitazama mimi. Yeye ndiye aliyesahihisha karatasi ile. Binti alikuwa amepata 31.

Kwenye faili la darasa tulikuwa na ripoti ya kweli, tena yenye saini ya mzazi. Saini ile baba hakuwahi kuiweka. Binti alikuwa ametoa kopi stationery, akageuza 3 kuwa 8 kwa kalamu nyeusi, kisha akatoa kopi ya kopi ili wino usionekane. Hiyo akampelekea baba. Ripoti halisi akaisaini mwenyewe na kuirudisha shuleni. Tulipomweleza, baba hakupandisha sauti. Aliikunja ile karatasi, akaacha mfuko wa dagaa mezani, akatoka bila kuaga.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa ya serikali hapa Mwanza, na kwa miaka kadhaa nimekuwa pia mwalimu wa malezi. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya binti na wazazi wake. Majina sitayataja, na nimebadilisha mambo madogo madogo yanayoweza kuwatambulisha.

Mwalimu wa nidhamu alitaka binti achapwe na asimamishwe masomo wiki mbili. Simlaumu, kufoji ripoti ni kosa kubwa. Mkuu wa shule akanipa siku tatu nizungumze na mtoto kwanza.

Nilianza na dhana iliyonipotosha. Nilidhani ni mtoto anayeogopa fimbo. Hao tunawapata kila muhula ripoti zinapotoka. Nikamuuliza moja kwa moja kama baba huwa anampiga.

"Hapana, madam. Baba hajawahi kunipiga. Hata kofi."

"Anakutukana?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unaogopa nini?"

Alikaa muda mrefu anachezea ukingo wa sketi. Kisha akasema neno ambalo mimi sikulielewa hapohapo: "Nilitaka aniite."

Ilinichukua mazungumzo matatu kupata maana yake. Alipokuwa darasa la nne alishika nafasi ya kwanza. Jioni ile baba alirudi kutoka kazini na soda mbili, ya kwake na ya binti, akawatangazia majirani kwamba nyumba hii imepata daktari. Tangu siku hiyo akawa Dokta. Dokta njoo. Dokta umekula? Dokta akalale, kesho ana shule. Kila jioni, chakula kinapokuwa tayari, Dokta ndiye aliyemletea baba maji ya kunawa, na baba akinawa humuuliza, "Leo Dokta kasoma nini?" Hayo yalikuwa mazungumzo yao. Dakika mbili, beseni na jagi, kwa miaka sita hivi.

Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yalipotoka Januari, alikuwa na divisheni ya tatu, pointi 23. Alifaulu, akaendelea kidato cha tatu kama kawaida. Lakini baba alikuwa akisubiri divisheni ya kwanza, na alikuwa ameshawaambia wenzake kazini. Jioni ile binti alileta maji. Baba akasema, bila kumtazama, "Mpe mdogo wako alete." Toka hapo mdogo wake wa kiume, wa darasa la tatu, ndiye aliyeshika jagi. Na neno Dokta halikutamkwa tena nyumbani. Baba alipokuwa na haja naye alimwita kwa jina lake la shuleni, lile la kwenye rejesta, lote na ubini wake. Mara nyingi hakumwita kabisa, alimtuma mama.

Januari hadi Juni. Miezi mitano.

Nilimuuliza katika muda huo yeye alifanya nini. Alikuwa akiamka saa kumi na moja kufagia uwanja, kazi ambayo haikuwa yake. Alipiga pasi mashati ya baba. Siku moja alipika sato kwa nazi, kama baba anavyompenda, akakaa karibu na mlango kusikiliza kama atasifia. Baba alikula, akanyanyuka. "Nikaona bora maksi," akaniambia. "Maksi ndiyo alikuwa anazitaka."

Hapa nilimuuliza pia swali ambalo kila anayezungumza na kijana wa aina hii lazima aliulize kwa maneno yaliyo wazi: je, amewahi kufikiria kujidhuru? Kumuuliza kijana hivyo hakumtii wazo hilo kichwani. Kunamfungulia mlango wa kusema. Alisema hapana, ila alikuwa amefikiria kutoroka kwenda kwa shangazi yake Geita, na nauli alikuwa ameshaanza kuiweka. Nilimpa namba yangu, na nikamweleza kuhusu 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, endapo siku moja mimi sitapatikana.

Sasa niseme ninavyokiona kisa hiki. Tumezoea kupima ukali wa mzazi kwa fimbo na matusi. Nyumba hii haikuwa na fimbo wala matusi, na ndiyo maana hakuna jirani, mjumbe wala mwalimu aliyeona kitu. Kilichokuwepo ni upendo unaopanda na kushuka kama bei ya dagaa. Mtoto alijifunza mapema, tena siku ya furaha, kwamba uso wa baba hung'aa kwa sababu ya namba. Ile soda ya darasa la nne na ule ukimya wa Januari ni kamba moja. Ncha yake moja ni tamu na nyingine ni chungu, basi.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliandika katika miaka ya 1950 kwamba mtu hukua vizuri anapopokewa bila masharti. Anayependwa kwa masharti huyachukua yale masharti na kuyaweka moyoni mwake mwenyewe, akaanza kujipima kwayo hata wakati hakuna anayempima. Rogers alikuwa akizungumzia zaidi chumba cha ushauri nasaha. Waliolileta jambo hili hadi kwenye malezi na kulipima ni wengine. Mwaka 2004 Avi Assor, Guy Roth na Edward Deci walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo walioona kwamba mapenzi ya wazazi wao yalitegemea jinsi wanavyofanya. Njia hiyo ilikuwa ikifanya kazi, na hili lazima lisemwe, kwa kuwa wazazi wanaoitumia si wajinga: vijana wale kweli walifanya walichotakiwa kufanya. Ila walikifanya kwa kusukumwa kutoka ndani, furaha ya kufaulu ikawaishia upesi, aibu ya kushindwa ikawa nzito, na wakawa na kinyongo na wazazi wao. Miaka mitano baadaye watafiti haohao na wenzao waliwaangalia wanafunzi wa sekondari, wakatenganisha njia mbili: kumpunguzia mtoto mapenzi anaposhindwa, na kumwongezea anapofanikiwa. Kupunguza kulikwenda pamoja na kinyongo na kulegea kwenye masomo. Kuongeza, ambako wazazi wengi tungekuita malezi mazuri, kulikwenda pamoja na lile shinikizo la ndani na kusoma kwa ajili ya maksi tu.

Niliposoma hilo la pili nilijiona mimi mwenyewe na wanangu. Nani asiyemkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi siku ya ripoti nzuri? Sidhani kumkumbatia ni kosa. Swali ni kama siku nyingine, ambazo hazina ripoti yoyote, zina mkono wowote begani.

Baba hakurudi shuleni. Nilimpigia mara mbili, akasema ana mzigo. Siku ya tatu nikapanda daladala nikamfuata Mwaloni, Kirumba, anakofanyia biashara. Asiyepajua Mwaloni atafikiri ni soko la samaki tu. Ni mji mzima wa magunia. Malori ya kwenda mbali yanapakia, wapagazi wanapita wanapiga kelele upishe njia, na harufu ya dagaa unakwenda nayo hadi nyumbani. Alinikalisha kwenye kigoda, akaagiza chai, akabaki amesimama.

"Mwalimu, najua ulichokujia. Mtoto kanidhalilisha."

Nikamwambia ni kweli, kadanganya, na atawajibika. Kisha nikamuuliza kuhusu Januari.

"Mimi mtoto wangu sijamgusa. Sijamtukana. Sijamnyima ada ya tuisheni wala nauli. Nimenyamaza tu."

Lile "tu" lilinikaa kichwani. Yeye aliamini kwamba kunyamaza ni adhabu ndogo kuliko zote, ya mzazi mstaarabu. Nikamsimulia ripoti ile ilivyotengenezwa, kopi juu ya kopi, na nikamwambia maneno mawili ya binti: nilitaka aniite. Alichukua muda akiangalia ziwani.

Akanijibu kwa methali, kama nilivyotarajia. "Mchelea mwana kulia hulia yeye, mwalimu. Nikimchekea leo, kesho atakuja kuuza dagaa kama mimi."

Methali hii huwa inatumika vibaya sana kwenye vikao vya wazazi, na nilimwambia ninavyoielewa. Inamsema mzazi anayeogopa machozi ya mtoto, hivyo akashindwa kumrudi. Mzazi asiyeyachelea machozi hukaa palepale mtoto analia, akamaliza kumwonya, akamfuta uso. Methali haisemi umkanye kisha uhame. Yeye alikuwa amehama. Anakula meza moja na mtoto na hayupo.

Hapo ndipo alipokaa. Akaniambia kuhusu Ukerewe. Alimaliza darasa la saba miaka ya themanini, wakati ambapo shule za sekondari zilikuwa chache na waliochaguliwa walihesabika kwa vidole. Yeye hakuchaguliwa. Binamu yake alichaguliwa, akachinjiwa mbuzi. Baba yake mzazi alimtazama siku ile akamwambia, "Wewe ni wa majini," na kesho yake alfajiri wakaenda kuvuta nyavu. Hawakulizungumzia tena hadi mzee alipofariki. "Nilimjengea nyumba ya bati," aliniambia. "Nilimnunulia injini ya mtumbwi. Hakuwahi kuniuliza habari ya kitu kingine zaidi ya samaki."

Sikumpa somo juu ya hilo. Nilimwambia pole, nikanywa chai yangu. Lakini niseme hapa kwamba ule utafiti wa 2004 ulikuwa na sehemu ya pili, juu ya akina mama na mabinti zao. Akina mama waliolelewa kwa mapenzi ya masharti walikuwa wamebeba majeraha yake, na bado walikuwa wakiwalea mabinti zao vilevile. Mtu huifahamu njia aliyopitishwa, hata kama ilimchoma miguu. Baba huyu alimpenda binti yake kuliko kitu chochote. Aliamka saa tisa usiku kwa ajili yake. Upendo haukupungua hata siku moja. Kilichokuwa kinapungua ni dalili zake. Binti hawezi kuingia moyoni mwa baba akaona kilichomo. Yeye anasoma dalili, basi.

Baada ya hapo nilifanya kosa. Nilimshauri baba akamwambie binti yake kwamba anampenda. Ni ushauri unaotolewa kila mahali, nami niliutoa kwa nia njema bila kuifikiria nyumba yenyewe. Baba, kwa kuwa ni mtu wa neno lake, jioni ileile alimwita binti mbele ya mama yake na wadogo zake, akasimama, akasema, "Nakupenda." Binti alishtuka. Alikimbilia jikoni akamuuliza mama, "Baba anaumwa?" Usiku mzima hakulala, akidhani baba amepimwa ugonjwa mkubwa au anataka kuwaacha. Neno hilo halikuwahi kutumika pale ndani. Hakuna aliyeambiwa nakupenda na wazazi wake katika ukoo ule, wala sidhani kama walikuwa na upungufu kwa hilo. Walikuwa na lugha nyingine. Umekula? Mbona umechelewa? Chukua koti langu. Hiyo ndiyo lugha iliyokuwa imezimwa, na hiyo ndiyo iliyotakiwa kuwashwa. Neno la kuazima halingeweza kushika nafasi yake.

Kwa hiyo tulipokutana tena nilimuuliza swali tofauti. Kabla ya darasa la nne, kabla ya Dokta, ulikuwa ukimwitaje?

Alicheka, mara ya kwanza namwona anacheka. "Mama. Ana jina la mama yangu. Tangu anazaliwa nilikuwa namwita mama."

Ninapofundisha walimu wenzangu kuhusu kisa hiki, hapa husimama kidogo. Mtoto huyu alikuwa na jina alilolipata kwa kuzaliwa, bila kufanya lolote. Lilimfanya kuwa mama wa baba yake, mtu wa kuamkiwa. Likaja jina la pili, la heshima, lililopatikana kwa maksi, likalifunika la kwanza. Wote walifurahi, nani angejua? Jina la pili lilipoondolewa, chini yake hapakubaki kitu ila lile la rejesta.

Baba alitaka amrudishie Dokta, iwe kama msamaha. Nilimwomba asifanye hivyo. Dokta ni nishani, na nishani iliyorudishwa leo inaweza kuvuliwa tena kesho, na binti anajua hivyo kuliko sisi. Tukakubaliana kuhusu maji na jina. Binti arudi kumletea baba maji ya kunawa kila jioni, iwe siku ya furaha au ya ugomvi, na mdogo wake atafutiwe kazi nyingine asije naye akaona amefukuzwa. Na baba amwite mama. Nikaongeza jambo moja la utaratibu ambalo tangu hapo nimewaomba wazazi wengi: ripoti ya shule isisomwe kabla ya chakula. Watu wanawe, wale, ndipo karatasi ifunguliwe. Mtoto akishakula na wewe, hata ukigomba, ameshajua kwamba sahani yake haikuwa rehani.

Lilibaki suala la adhabu, na hapa baadhi ya wazazi huwa wananielewa vibaya. Wanafikiri kupenda bila masharti ni kulea bila mipaka. Binti alikuwa amedanganya watu watatu na kughushi saini, na kulinyamazia hilo kungekuwa kumdharau. Shule iliamua asichapwe wala asisimamishwe. Alipewa wiki tatu za kusafisha maabara ya Kemia baada ya vipindi, na kuomba radhi kwa mwalimu wa Kemia na mwalimu wa darasa. Nilimwomba baba jambo moja: aje siku ya kuomba radhi, asimame upande wa binti.

Alikuja. Amevaa shati lililopigwa pasi. Binti aliomba radhi huku sauti inakatika, baba amesimama kando yake, mabega yanagusana. Alipomaliza, baba akasema, "Mwalimu, mwanangu amekosa. Mimi nipo." Maneno yale hakuyapata kwangu.

Mwalimu wa Kemia, ambaye ni kijana mwenye haya, alitoa ule mfuko wa dagaa chini ya meza. Alikuwa ameutunza tangu Jumatatu ile, akaona si haki yake. Alitaka kumrudishia mwenyewe. Baba akausukuma nyuma. "Nilikuletea kwa sababu unamfundisha mwanangu. Kwani umeacha kumfundisha?"

Nilimtazama binti wakati yale yanasemwa. Hadi leo naamini sentensi ile ilifanya kazi kuliko mazungumzo yangu yote naye. Dagaa waliletwa kwa 81, na sasa wanabaki kwa 31. Hakuna aliyemweleza maana yake. Mwenyewe alikuwa anasikia.

Mambo hayakunyooka yote. Mama wa nyumba hii ni mpole, na wakati wa miezi ile mitano alikuwa akimfariji binti kwa siri, akimpa hela ya chipsi na kumwambia, "Usimwambie baba yako." Alidhani anaziba pengo. Kumbe alikuwa anamthibitishia binti kwamba mapenzi ni kitu cha kufichwa kama bidhaa ya magendo, na kwamba baba ni forodha. Na ni yeye, bila kujua, aliyemfundisha kwamba baba hudanganywa kwa heri. Nilipomwambia hivyo alilia, akaniona nimemwonea. Tulichukua muda kuelewana.

Kisha kukawa na ahadi ya simu. Mwezi Agosti baba, kwa furaha ya jinsi nyumba ilivyotulia, akamwambia binti akipata divisheni ya kwanza kidato cha nne atamnunulia simu kubwa. Binti alikuja kwangu uso umeanguka. Mimi sina vita na zawadi. Lakini kwenye nyumba iliyotoka kuungua, kibiriti hakiachwi mezani hata kama kimeletwa cha kupikia. Niliongea na baba, akanuna kidogo, akaelewa. Baada ya wiki chache akaanza kwenda na binti Mwaloni baadhi ya Jumamosi. Si kazi ya adhabu. Kukaa naye tu, kumwonyesha dagaa mzuri anajulikanaje na gunia linapimwaje. Binti ana jicho la hesabu za pesa ambalo hesabu za darasani hazijawahi kulionyesha. Baba alikuwa hajui.

Ndipo likaja kubwa. Hapo katika kidato cha tatu na cha nne mwanafunzi alikuwa anaruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Baiolojia na Hisabati zilibaki kwa wote. Binti alitaka kuacha Fizikia. Kuacha Fizikia ni kuaga udaktari, na kila mtu ndani ya nyumba ile alijua. Alichukua wiki mbili kukusanya nguvu za kusema. Baba hakufurahi, na sikumtarajia afurahi. Aliuliza maswali, aliondoka kwenda kutembea, alirudi, akasema anaumia lakini atasaini. Nimeambiwa jioni ile aliletewa maji kama kawaida, akanawa muda mrefu kuliko kawaida. Namheshimu sana kwa jioni ile. Kumpenda mtoto bila masharti hakumlazimishi mzazi ajifanye hana ndoto iliyovunjika. Ana haki ya kuumia. Ila asimwachie mtoto aliuguze jeraha lake.

Mwezi Septemba alirudi kunyamaza. Binti alichelewa kurudi nyumbani hadi saa mbili usiku bila taarifa, na baba siku nne hakusema naye. Nilikuwa nimejiandaa kurudi Mwaloni. Haikuhitajika. Siku ya tano binti alileta maji, akasimama na jagi bila kumimina, akauliza, "Baba, umeninunia?"

Baba akasema, "Nimekasirika. Sijakununia."

"Sasa mbona huongei?"

Akaongea. Aligomba robo saa nzima, hadi majirani wakasikia: kuhusu saa mbili usiku, kuhusu vijana wa bodaboda, kuhusu simu ambayo angeweza kuiomba kwa yeyote akampigia mama. Binti alinisimulia haya huku anatabasamu, jambo ambalo mtu asiyejua kisa angelishangaa. Kiswahili chetu kimetenganisha maneno haya mawili na mimi nilikuwa sijawahi kuyatazama vizuri. Anayekasirika anakusemesha, hasira ina maneno, ina mwanzo na mwisho, na unaweza kuijibu. Anayenuna ameondoka na funguo. Kijana anaweza kulala akijua baba yake amekasirika. Asichoweza ni kulala bila kujua kama bado ana baba.

Mtihani wa mwisho wa mwaka alipata Kemia 44. Hisabati 29, yaani F. Kiswahili 76. Ripoti ilikuwa ileile moja, ya kweli, na saini iliyorudi Januari ilikuwa ya baba. Naijua sasa, ina mkia mrefu.

Nilimuuliza ilikuwaje jioni ile. Akasema alifika nayo mkononi, bahasha haijafunguliwa, baba amekaa kwenye mkeka ukumbini. Baba aliitazama ile bahasha. Binti anasema aliona shingo ya baba ikimeza mate. Akanyoosha mkono, akaipokea, akaiweka kwenye mfuko wa shati bila kuifungua.

"Mama," akamwambia, "leta maji tule."